Prodyuza ameshika akaunti, mimi nimeshika maiki

Ndugu washauri, habari za kazi.

Mimi ni MC wa singeli, naishi Mbagala. Mwaka 2023 nilirekodi wimbo kwenye studio moja hapa Dar. Maneno ni yangu, kiitikio niliimba na mwenzangu, biti la prodyuza. Hela ya studio sikutoa, tulikubaliana kwa mdomo kwamba ukilipa tutagawana. Prodyuza akaupandisha YouTube kwenye chaneli ya studio, na Boomplay, Audiomack na Spotify akaupeleka kupitia msambazaji wake wa mtandaoni. Mpaka leo video imetazamwa mara 640,000, na TikTok naisikia sauti yangu kila kona. Nilichopata ni shilingi 180,000 kwa awamu mbili, bila karatasi. Nikiuliza naambiwa hela bado haijaingia.

Je, naibiwa? Naweza kuuhamishia wimbo kwenye akaunti yangu bila kupoteza namba zake? Kuna kijana ananiuzia usikilizwaji 100,000 wa Spotify kwa shilingi 150,000 ili wimbo wangu mpya uanze na nguvu, nikubali? Kuna wakala wa miito ya simu anataka nisaini mkataba. COSOTA, wale wa hakimiliki, nijiunge? Na lile biti lina kipande cha kinanda cha taarab ya zamani kilichokimbizwa, hilo nalo lina shida? Wenzangu wanasema niachane na vigodoro, nikae mtandaoni tu, hela zote ziko huko.

MC, Mbagala

MC wetu,

Tuanze na hesabu, kwa sababu ugomvi mwingi wa msanii na prodyuza ni wa watu wawili wanaobishania hela ambayo hakuna kati yao aliyeihesabu. YouTube haina bei moja kwa kila anayetazama. Inalipa sehemu ya matangazo, na kwenye video ya kawaida mwenye chaneli anabaki na asilimia 55. Namba inayokuhusu inaitwa RPM: ni kiasi anachobaki nacho mwenye chaneli kwa kila mara 1,000 video inapotazamwa, YouTube ikishakata chake. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki tangazo ni la bei ya chini, kwa hiyo RPM nayo huwa ndogo. Tuseme ni senti 30 za dola. Mara 640,000 zinakupa dola 192, na kwa mfano wa shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni shilingi 480,000. Kwa mfano huo 180,000 yako ni zaidi ya theluthi, na hujaibiwa. Lakini kama RPM ilikuwa senti 80 kwa sababu ndugu zetu wa Uingereza na Marekani wanaicheza kwenye harusi zao, video imeingiza dola 512, yaani shilingi 1,280,000, na hapo una haki ya kununa.

Kuna jambo lingine ambalo wasanii hawaambiwi. Chaneli hailipwi matangazo mpaka iingie kwenye mpango wa washirika wa YouTube: wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kama chaneli ya studio iliingia mwaka 2024, kila aliyetazama kabla ya hapo hakuacha hata senti. Kwa hiyo swali la kwanza kwa prodyuza ni "chaneli ilianza kulipwa lini?" Swali la shilingi ngapi lifuate baadaye.

Jibu la "hela bado haijaingia" lina ukweli nusu. Majukwaa ya muziki humpelekea msambazaji ripoti baada ya miezi miwili au mitatu, kwa hiyo kilichosikilizwa Januari unaweza kukiona Aprili. Malipo ya YouTube ya mwezi mmoja hutoka mwezi unaofuata, kati ya tarehe 21 na 26, endapo akaunti imefikisha dola 100. Isipofikisha, salio linasubiri. Hayo yanaeleza ucheleweshaji wa miezi, lakini wimbo wa 2023 hauwezi kuwa unasubiri mpaka leo.

Usiombe picha ya skrini. Picha inakatwa, inachaguliwa mwezi mbaya, na wengine wanaihariri kabisa. Omba vitu viwili. Cha kwanza, akuongeze kwenye ruhusa za chaneli. Anaingia YouTube Studio, Mipangilio, halafu Ruhusa, anaandika barua pepe yako na kukupa nafasi ya mtazamaji. Nafasi hiyo inakuonyesha takwimu na mapato bila kukuruhusu kubadilisha wala kufuta chochote, kwa hiyo hana sababu ya kuogopa. Angalia asikupe ile ya mtazamaji mwenye mipaka, kwa sababu hiyo inaficha mapato. Cha pili, ripoti ya mauzo kutoka kwa msambazaji, lile faili lenyewe linalofunguka kwenye Excel. Lina safu za jina la wimbo, duka, nchi, mwezi, idadi ya usikilizwaji na kiasi. Chuja kwa jina la wimbo wako, jumlisha safu ya mwisho, na ubishi umeisha.

Sasa suala la nani ana nini. Wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi, na kuna rekodi, yaani sauti iliyotoka studio. Hakimiliki inazaliwa wimbo unapotungwa, hata kabla hujasajili popote. Maneno uliyoandika ni yako, biti alilotengeneza ni lake, na kiitikio kina mwenzako ndani yake (kwenye barua umemtaja mara moja tu, na watu wa aina hiyo ndio hufufuka wimbo ukishakuwa mkubwa). Rekodi ndipo penye utata, kwa sababu saa za studio alizitoa yeye. Akidai kila kitu ni chake, aonyeshe karatasi uliyosaini. Nawe usidai chote ni chako kwa sababu uso wako ndio uko kwenye video.

Kaeni chini muandike karatasi ya mgawo hata kama mmechelewa. Iwe na jina la wimbo, tarehe na mahali uliporekodiwa, jina la kila mmoja kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA pamoja na la kisanii, kazi aliyofanya, asilimia yake ya utunzi na asilimia yake ya rekodi. Kila safu ifike 100 kamili, isiwe 99 wala 105. Ongezeni nani anashika akaunti, analipa kila baada ya muda gani (miezi mitatu inatosha), na gharama zipi zinakatwa kwanza, kwa kiasi kilichoandikwa. "Gharama za studio" zisizo na tarakimu ni shimo lisilojaa. Sahihi za wote, shahidi mmoja, nakala kwa kila mtu.

Mgawo wenyewe? Kwenye singeli biti linabeba mzigo mkubwa kuliko kwenye bongo fleva, na prodyuza anayelipwa 50,000 mara moja na kusahauliwa anaonewa. Sisi tungeanzia hapa: utunzi nusu kwa biti, nusu kwa maneno, na mwenzako wa kiitikio achukue 10 hadi 15 kutoka nusu yako. Rekodi, kwa kuwa yeye ndiye aliyegharamia, 50 yake, 40 yako, 10 ya mwenzako. Mnaweza kubishana mkafika kwingine, mradi iandikwe.

Kabla ya kuhamisha chochote, tatua kwanza suala la kile kinanda. Singeli imekulia kwenye vipande vya taarab vilivyokatwa, vikazungushwa na kukimbizwa mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Kwenye kigodoro hakuna anayeuliza. Mtandaoni mambo ni mengine, kwa sababu msambazaji anakutaka uthibitishe kwamba sauti zote ni zako au una kibali. Leo anayethibitisha ni prodyuza. Ukihamisha wimbo, anayethibitisha ni wewe, na mwenye rekodi ile ya taarab akilalamika, akaunti itakayofungiwa ni yako pamoja na hela za nyimbo zako zingine zote. Kukimbiza kipande si kinga. Content ID, mfumo wa YouTube wa kusaka sauti zenye wenyewe, unaweza kutambua sauti hata ikiwa imebadilishwa mwendo au ufunguo.

Mwombe prodyuza faili la mradi, au kila ala ikiwa peke yake kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Akiweza kukitoa kipande hicho, mtafute mpiga kinanda apige kitu kipya chenye ladha ile ile. Lakini kuwa makini: akipiga mahadhi yale yale noti kwa noti, umeponyoka kwa mwenye rekodi tu, mtunzi wa mahadhi bado yupo. Yabadilisheni kweli. Njia nyingine ni kumtafuta mwenye wimbo au familia yake na kumpa asilimia kwa maandishi. Vikundi vingi vya zamani havijawahi kuombwa, na wazee hukasirishwa zaidi na kudharauliwa kuliko na kipande chenyewe.

Na mpaka hapo usiwashe Content ID kwenye wimbo huo. Huduma hii, ambayo wasambazaji wengi hutoa na kukata asilimia 20 au zaidi ya kinachopatikana, inasaka video zote zenye sauti yako na kuelekeza matangazo yake kwako. Kama biti lina kipande cha mtu, au mizunguko ya bure inayokuja na FL Studio, ile programu ya kutengenezea mabiti, au biti la kukodi lililonunuliwa mtandaoni, mfumo utawadai watu wengine halali wenye sauti hiyo hiyo. Watapinga, na msambazaji atakunyang'anya huduma. Mikataba mingi ya mabiti ya kukodi inakataza Content ID waziwazi. Isome kabla ya kununua la wimbo mpya.

Kuhamisha sasa. Kila rekodi ina namba yake ya ISRC, herufi na tarakimu 12, na hiyo ndiyo inayoshikilia hesabu. Namba hiyo iko kwenye dashibodi ya msambazaji wa prodyuza. Iandike. Ukifungua akaunti kwa msambazaji wako, pakia faili lile lile la sauti, si toleo jipya lililosafishwa, na kama umebadilisha kinanda basi huo ni wimbo mwingine wenye ISRC mpya na hesabu yake inaanza sifuri. Jina la wimbo na la msanii yaandikwe herufi kwa herufi kama zamani. "MC Fulani" na "Mc fulani Official" kwa kompyuta ni watu wawili. Kwenye kisanduku cha ISRC weka namba ya zamani, usiruhusu mfumo ukupe mpya, na tarehe ya kutoka iwe ile ya kwanza. Subiri toleo jipya lionekane hewani, linaweza kuchukua siku chache mpaka wiki mbili, halafu ndipo prodyuza ashushe la kwake. Wanaoshusha kwanza ndio hupoteza orodha za nyimbo walizokuwemo. Spotify huunganisha hesabu matoleo yakilingana. Si kila jukwaa linafanya hivyo, kwa hiyo piga picha namba zako zote kabla ya kuanza.

Jalada liwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, na lisiwe na namba ya simu, jina la Instagram wala nembo ya redio. Majalada mengi hukataliwa kwa hilo. Sauti iwe WAV ya 44.1 kHz, bit 16 au 24. MP3 iliyogeuzwa kuwa WAV inabaki na ubora wa MP3.

Video ya YouTube haihamishiki. Hakuna kitufe cha kuipeleka chaneli nyingine pamoja na hesabu yake. Iache ilipo, gawaneni mapato kwa karatasi, nyimbo zijazo zitoke kwenye chaneli yako. Ukifungua yako, jina la akaunti ya malipo lifanane na kitambulisho, na anwani iwe sanduku la posta linalofunguliwa kweli, kwa sababu salio likifika dola 10 Google hutuma barua yenye namba ya siri. Usipoiingiza ndani ya miezi minne, matangazo yanasimamishwa. Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani iitwayo W-8BEN. Usipoijaza, akaunti binafsi inaweza kukatwa asilimia 24 ya mapato yote ya dunia nzima. Ukiijaza, Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo utakatwa 30, lakini ni kwa watazamaji walioko Marekani peke yao.

Kuhusu kuchagua msambazaji: kuna wanaotoza ada ya mwaka na kukuachia karibu yote, na kuna wanaochukua asilimia bila ada. Ada ya dola 25 ni 62,500 kwa mwaka hata usipoingiza kitu, na kwa baadhi yao ukiacha kulipa wimbo unashushwa. Anayekata asilimia 15 kwenye mapato ya 200,000 anachukua 30,000. Kwa mwenye nyimbo mbili tatu, asilimia ni nafuu. Ukifikisha nyimbo ishirini zinazotembea, geuza hesabu. Vyovyote vile uliza kabla: wanafikisha Boomplay na Audiomack? Wanalipaje mtu aliye Tanzania, na kiwango cha chini cha kutoa ni kiasi gani? Hela isiyoweza kufika benki yako au kwenye simu yako si mapato.

Kijana wa 150,000 mkatalie leo. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi rekodi isiyofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12, na ikigundua kwa wazi usikilizwaji bandia inamtoza msambazaji faini kwa kila wimbo. Msambazaji anaikata kwako, au anaushusha wimbo na kuzuia malipo. Na wanagundua kirahisi: maelfu ya wasikilizaji kutoka mji mmoja usiojua Kiswahili, wote wakisikiliza sekunde 31, hakuna hata mmoja aliyeuhifadhi wimbo. Nyumba nzima imechomwa kwa kiberiti ulichonunua mwenyewe.

TikTok, kama video zinazotembea zimetumia sauti iliyoandikwa "sauti halisi" ya DJ fulani, hulipwi. Msambazaji akiupeleka wimbo rasmi, chagua wewe sekunde kipande kinapoanzia, na kianze kwenye kiitikio, si kwenye salamu za mtaa. Baadhi ya wasambazaji wanaweza kuomba zile sauti za zamani ziunganishwe na yako. Watumie viungo vyake. Hela ya TikTok yenyewe ni ndogo, faida yake ni kuwaleta watu kwenye majukwaa mengine na kwenye shoo.

Mkataba wa miito ya simu unaweza kuwa mzuri, mradi uwe wa miito peke yake. Tafuta maneno "haki zote za kidijitali". Ukiyaona, yakatwe yaandikwe "miito ya simu, Tanzania", kwa muda wa mwaka mmoja au miwili. Wako waliotafuta kipande cha mwito wakajikuta wamempa wakala mpaka YouTube. Na kwenye asilimia uliza ni ya nini: asilimia 50 ya kinachobaki baada ya kampuni ya simu kuchukua chake si nusu ya anacholipa mteja.

COSOTA, ndiyo, jisajili, na usajili kazi zako kwa majina yaliyo kwenye karatasi ya mgawo. Usitegemee wakuletee hela ya YouTube. Mirabaha ya huko ni ya redio, televisheni, kumbi, baa na mabasi, na baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 njia ilifunguliwa kwa kampuni zenye leseni kukusanya na kugawa, COSOTA ikibaki kuwa msimamizi. Ukifika, uliza ni kampuni ipi yenye leseni ya muziki kwa sasa. Ndugu zetu wa Zanzibar wana ofisi yao, COSOZA.

Vigodoro usiache. Kwa RPM ile ya mfano, kigodoro kimoja cha 200,000 ni sawa na video kutazamwa mara 267,000. Mtandao ndio unaokupandishia bei ya kupanda jukwaani. Dai nusu kabla ya kutoka nyumbani. Halafu chukua Lipa Namba kwa jina lako, iandike kwa herufi kubwa kwenye bango la nyuma ya spika, maana siku hizi watu wengi hawatembei na noti za kutunza, na tuzo inayoingia kwenye simu ya DJ huwa haifiki.

Na prodyuza akikataa kila kitu? Mwandikie ujumbe wenye tarehe, ukiomba ruhusa ya mtazamaji, ripoti na kikao ndani ya siku 14. Akinyamaza, peleka lalamiko COSOTA ukiwa na ujumbe huo, picha za studio, rekodi za sauti za awali na mashairi uliyoandika. Usikimbilie kubonyeza ombi la hakimiliki YouTube ili video ishushwe. Biti ni lake, kwa hiyo ana haki ya kupinga, na ombi la kudai usichomiliki peke yako linaweza kukurudia kisheria. Likikubaliwa, hesabu ya 640,000 inaondoka na video, wewe unabaki na ushindi usio na kitu cha kugawana. Chaneli nayo inapewa onyo, na maonyo matatu ya aina hiyo ndani ya siku 90 yanafuta chaneli nzima ya studio, pamoja na nyimbo za MC wenzako ambao hawakukukosea kitu.